Mapigo Yaliyolingana

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko, mkono wangu umezoea bisibisi kuliko kalamu. Mimi ni fundi wa redio, nina banda langu sokoni lenye meza moja na redio zisizopungua thelathini zinazosubiri kupona, wateja wananiita Daktari, na jina hilo nililipenda, nakiri, nililipenda hadi likanipanda kichwani, maana mtu akiniletea spika inayokoroma mimi sihitaji hata kuifungua, natega sikio tu namtajia ugonjwa wake, na mara nyingi nakuwa nimepatia.

Mke wangu anashona sare za shule. Ana mimba ya mapacha, wiki ya thelathini na tano sasa, ndiyo mimba yetu ya kwanza na tuliitafuta miaka saba, miaka saba ya kuulizwa "vipi, bado?" na kila shangazi tunayekutana naye. Ilipofika wiki ya thelathini na moja kliniki wakatuambia mapacha si wa kufanyiwa mzaha, aje mara mbili kwa wiki afungwe ile mashine ya mikanda miwili inayosikiliza mioyo yote kwa pamoja, na mwanzoni nilimpeleka, lakini ile benchi, mshauri, ile benchi isiyo na mgongo, mwanamke mwenye tumbo la watoto wawili anakaa toka saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana, miguu imevimba viatu haviingii, halafu anafungwa mashine dakika ishirini anaambiwa wazima, nenda nyumbani.

Hapo ndipo ujuzi wangu ulipojitia kimbelembele. Bandani kulikuwa na kifaa kidogo cha mkononi cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, mteja mmoja alikileta zamani na hakurudi, nikakifungua, nikabadilisha waya mmoja na betri, kikafufuka. Nikamwambia mke wangu wewe pumzika, hospitali imehamia kwako. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini alijilaza, nampaka mafuta tumboni, naweka kifaa kushoto, moyo huo, nahesabu, naandika kwenye kalenda, naweka kulia, moyo huo, naandika. Tulicheka sana siku hizo. Nikawa nawaita spika zangu mbili. Mama mkwe, aliyekuja kumsaidia mwanawe, alinitazama akaniuliza, "Baba, hayo mambo umesomea wapi?" nikamjibu, "Mama, sauti ni sauti." Karibu wiki tatu hatukukanyaga kliniki.

Asubuhi ya tarehe kumi na moja mke wangu akasema, "Huyu wa kushoto simsikii kucheza tangu jana." Nikaweka kifaa, nikatafuta kidogo, moyo ukatokea, nikaongeza sauti, nikamwambia, "Msikie huyo, mbona anapiga vizuri tu." Akasikiliza, akasema, "Basi ni mimi na wasiwasi wangu." Siku ya pili akarudia maneno yale yale, nikamtania kwamba mtoto amekua, humo ndani hakuna tena nafasi ya kuruka kamba. Siku ya tatu hakusema tena, na mimi nikafurahi, mshauri, nikafurahi kwamba nimemtuliza.

Ijumaa iliyopita mama mkwe akakaza, akasema leo ni kliniki hata kwa kubebwa. Tukaenda. Nesi akamfunga mikanda, akahamisha mmoja, akahamisha tena, akamwita mwenzake, wakaleta mashine ya picha. Wa kushoto hakuwa na moyo. Daktari akasema anavyomwona ni siku kadhaa sasa. Mimi nikaropoka kwamba haiwezekani, jana tu nimemsikia, ushahidi ninao, nikatoa mfukoni kalenda niliyokuwa nimeikunja, maana nilikuja nayo kwa makusudi, nilitaka kuwaonyesha kazi yangu.

Nesi akaniita pembeni, akaitandaza juu ya meza. "Baba, huku mwanzoni mmoja 148, mwenzake 136. Mmoja 140, mwenzake 152. Sawa. Sasa kuanzia kumi na moja hiki ni nini?" Ilikuwa 142 na 142, 139 na 139, 145 na 145. Nikamwambia zimelingana. Maana ndivyo nilivyoona kila asubuhi kwa macho yangu na nikaridhika, kwenye kazi yangu spika ya kushoto ikilingana na ya kulia fundi anafunga boksi anampigia simu mwenyewe aje achukue. Nesi akasema polepole, "Watoto wawili hawapigi moyo kwa hesabu moja siku kumi mfululizo, baba. Huyu uliyekuwa unamsikia ni mmoja, wa kulia, unamsikilizia sehemu mbili." Hakunigombeza. Afadhali angenizaba kofi.

Wakataka kumlaza siku hiyo hiyo wamtazame wa kulia mchana na usiku, na ikibidi wamtoe mapema. Mke wangu akasema anakwenda nyumbani kuchukua nguo. Tulipofika akaingia chumbani na hajatoka mpaka leo. Siku mbili za kwanza alilia kwamba kosa ni lake, kwamba tarehe kumi alikanyaga cherehani kutwa nzima kumaliza sare za watu, kwamba miguu yake ndiyo iliyomuua mwanawe, na mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamsikiliza akijihukumu na sikufungua mdomo. Jumapili akageuka, akasema mashine yao ndiyo imekosea. "Wewe ulimsikia. Hapa nyumbani wanangu walikuwa wawili, kule ndiko walikopunguzwa. Sirudi." Mama yake amembembeleza mpaka sauti imemkauka. Leo asubuhi, Jumanne, amejilaza mwenyewe, akanishikisha kifaa, akasema, "Sikiliza." Wa kulia yupo. Akanisogeza mkono kushoto. "Na huyu?" Nikasikia moyo, hafifu, na sasa najua ni wa nani. Nikasema, "Yupo." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu Ijumaa, na mimi nikatoka uani nikaanza kukuandikia.

Ombi langu ni hili. Kila Alhamisi saa nne mke wangu husikiliza kipindi chako akiwa kwenye cherehani, hajawahi kukikosa, anakuamini wewe kuliko ndugu zake. Naomba uisome barua hii hewani Alhamisi, usitaje banda wala soko, mwenyewe atajua. Mimi siwezi. Nimejaribu, maneno yanafika kwenye meno yanarudi tumboni. Akijua atanichukia, na atakuwa na haki, na nikimkosa yeye sina mbele wala nyuma, sioni hata sababu ya kufungua banda. Nilisahau kukwambia, jana alasiri alisema huyu wa kulia naye amepunguza kucheza, lakini asubuhi nimemsikia anapiga vizuri.

Ni mimi, anayeitwa Daktari

JIBU

Fundi,

Sitaisoma barua yako hewani. Umeiacha mapokezi ya kituo chetu cha redio asubuhi, nimeifungua saa tano, na sasa saa tano na robo nakuandikia kwa mkono, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote umelitia kwenye mstari wa mwisho, kama mtu aliyekumbuka kuagiza chumvi. Wa kulia amepunguza kucheza. Mama yake amekwambia, nawe umemjibu kwa kifaa kile kile. Fundi, una masikio ya nini?

Wasikilizaji wangu wanajua nilikuwa mkunga miaka ishirini na sita kabla ya kukalishwa mbele ya maikrofoni. Nakwambia kama mkunga: moyo kupiga si kusema kwamba mtoto hana shida. Mtoto anayechoka huacha kwanza kucheza, moyo wake ukaendelea kupiga vizuri tu kwa muda, na muda huo ndio mlio nao sasa. Kifaa chako hakijui kuchoka kwa mtoto. Mama yake anajua, na amesema jana.

Nakuonea huruma, usidhani sina. Nilipofika pale mkeo aliposema "basi ni mimi na wasiwasi wangu" nilivua miwani nikaifuta. Na kuchanganya mioyo ya mapacha si ujinga wako peke yako. Mimi mwenyewe nikiwa mgeni kazini niliandika namba mbili za mtoto mmoja, mkunga mkuu akanirudisha kitandani kwa mama yule huku amenishika sikio. Ndiyo sababu ile mashine ina mikanda miwili: inawasikiliza wote kwa wakati mmoja, na mistari ikifanana sana nesi anajua kuna mmoja hajampata. Wewe hukuwa na wa kukushika sikio. Mama mkwe wako alikuuliza umesomea wapi, ukamletea maneno.

Kosa lako lenyewe silo hilo. Mwanamke anayebeba watoto wale alikwambia mara mbili kwamba mmoja ametulia, ukamwongezea sauti ya mashine mpaka akajiona mjinga. Siku ya tatu akanyamaza, ukaita kunyamaza huko utulivu. Kisha ukamwacha alie siku mbili juu ya miguu yake na cherehani yake wakati unajua. Na leo asubuhi umesema "Yupo". Hilo la leo, fundi, halina hata kisingizio cha kutojua.

Utataka kuniuliza kama mtoto angepona mngefika tarehe kumi na moja. Sijui. Daktari naye hajui, na usimbane akwambie. Pengine ndiyo, pengine alikuwa ameshaondoka usiku wake. Utaishi bila jibu hilo, na hakuna barua utakayoniandikia nikalipata.

Sasa unataka mimi nimwambie. Aketi kwenye cherehani, anisikilize kama alivyozoea, na katikati ya kipindi agundue kwamba mtoto anayeongelewa ni wake na mume anayeongelewa ni huyo aliyesimama mlangoni akimtazama uso. Hapana. Mimi si mdomo wako. Na Alhamisi ni keshokutwa, mtoto wa kulia hasubiri ratiba ya redio.

Utafanya hivi. Nenda nyumbani sasa hivi. Kifaa hicho, kiondoe chumbani kabla hujasema neno, maana kikiwepo atakishika tena. Mwite na mama yake, asimame hapo, atamhitaji mtu wa kumshika na mtu huyo hatakuwa wewe. Usianze na "unajua mke wangu". Sema: "Wa kushoto sikumsikia. Nilikuwa namsikia wa kulia mara mbili, tangu tarehe kumi na moja, na leo asubuhi nimekudanganya. Si cherehani. Si miguu yako. Wewe ulijua, mimi ndiye niliyekunyamazisha. Wa kulia bado yupo, na kule ndiko anakoweza kutazamwa. Twende." Usiongeze. Akikupiga, apige. Akikufukuza, toka nje ukae hatua mbili kutoka mlangoni, mama yake atamvisha viatu. Mama aliyesema "hata kwa kubebwa" hatashindwa leo.

Usimwombe msamaha leo. Najua unautaka, barua nzima inauomba. Lakini ukiuomba utampa kazi ya kukufariji, na akikupa utapumua wewe, na leo si zamu yako kupumua.

Hospitali mtakapofika sema kwanza maneno haya mawili: mmoja amefariki, mwingine amepunguza kucheza tangu jana. Usikae kwenye benchi. Kalenda wape, ile yenye namba zilizolingana, usione aibu, watajua tangu lini. Kisha kaa kimya uwaache wafanye kazi yao.

Sikuahidi kitu. Huenda mtaambiwa kwamba na wa pili ameondoka, na dunia ikajifunga kabisa. Huenda atatoka mmoja analia na mwingine halii, na mke wako atawashika wote wawili, na hatataka kukuona. Hata hivyo utakuwepo kwenye ukumbi wa hospitali, kwa sababu kuna mtoto mmoja ambaye jina lako na ufundi wako havimhusu, yeye anahitaji kufikishwa tu.

Karatasi hii imeletwa na dereva wa kituo, aliyekuulizia sokoni kwa jina la Daktari. Nimemwambia asizime gari na asirudi kabla hajamfikisha mke wako hospitali. Atakapokukabidhi atakuuliza njia ya kwenu, basi usiisome mara ya pili. Acha redio za watu mezani, funga banda, panda mbele umwelekeze.