Siku Madam Aliposimama Kueleza Makazi ya Warumi

Ijumaa, Riyadh. Vumbi limetanda tangu asubuhi, hata nyumba ya jirani haionekani vizuri, na mimi nina furaha ambayo sijui nimwambie nani.

Basi naiandika hapa.

Mnaonisoma tangu zamani mnajua mimi ni Mwende, Mkamba wa Kitui, nafanya kazi Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, kwa Madam Nawal. Madam ni mwanaakiolojia. Alisomea Uingereza, na huko alishiriki kuchimbua makazi ya wakulima wa zama za Warumi. Mwaka jana alipata kiharusi. Mdomo ukaenda upande, maneno yakampotea. Akitaka chai, anasema "mlango". Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa naye mezani kila asubuhi, akirudia maneno kama mtoto wa nasari. Analia, anapangusa machozi, anasema, "Yalla, haya, tena."

Jana alikuwa na mhadhara hapa Riyadh, wa kwanza tangu augue. Tumefikia kwa dada yake, mtaa wa Al-Suwaidi. Dada hakutaka aende.

"Watakuonea huruma," alimwambia tukinywa kahawa. "Halas, basi, kazi yako umeshaifanya."

Madam akajibu polepole, "Wanionee. Lakini watanisikiliza."

Nilikaa nyuma ukumbini.

Alionyesha picha za udongo. Udongo tu, nikafikiri. Kisha akatuonyesha madoa meusi yaliyojipanga mviringo: ndipo nguzo za nyumba zilipoozea ardhini. Mti umekwisha zamani, doa limebaki. Akaonyesha shimo la takataka, mifupa ya kondoo, vipande vya vyungu. Kigae kimoja cha paa kilikuwa na alama ya mguu wa mbwa, aliyekikanyaga kikiwa bado kibichi. Watu wakacheka. Mimi nilimwona kabisa mwenye kigae akimfukuza yule mbwa.

Halafu akakwama.

Alikuwa amefika kwenye ngano iliyoungua, na neno "ngano" likakataa. Neno nilikuwa nalo mdomoni, lakini kabla hatujatoka nyumbani alikuwa ameniambia, "Mwende, nikikwama usinisaidie."

Hakuinamisha kichwa. Alisimama akiwatazama, kama mtu anayemsubiri mgeni aliyechelewa. Neno likaja. Akalitamka, akaendelea, wala hakuomba radhi.

Huo ndio ujasiri ninaoutaka mimi.

Mwishoni mzee mmoja aliuliza kwa nini ajisumbue na wakulima wakati kuna majumba ya wakubwa ya kuchimbua.

"Majumba ya wakubwa yanajionyesha yenyewe," Madam akasema. "Hawa lazima mtu awatafute."

Dada yake alikuwa amekaa mbele. Nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya shela. Tukiwa kwenye gari alimshika Madam mkono, na hakuuachilia mpaka tulipofika nyumbani.

Mimi nimeamka leo na swali moja. Nikampigia mama Kitui, nikamuuliza nyumba ya nyanya, ile iliyoanguka nikiwa mdogo, ilikuwa imesimama wapi hasa. Mama akashangaa ninataka kujua ya nini. Kisha akasema, "Si pale mahindi yanakubali kuliko kwingine kote?"

Nilimsimulia Madam akiwa anameza dawa. Akaweka glasi chini.

"Hata sisi wale wakulima tuliwapata hivyo," akasema. "Shamba lilikuwa na mahali ambapo mimea ilirefuka kuliko mingine. Tukachimba hapo."

Miaka yote ya utoto wangu nilipita pale nikienda kuteka maji, na sikuwahi kusimama.

Nikipata likizo nitasimama. Sijui nitakuwa natafuta nini. Nitaanza kwa kuangalia chini.