Alisema Nne, Nikanunua Tano

Jumatano, 2 Aprili 2025

Mvua. Umeme hakuna tangu mchana, dukani tumeuza misumari na bati moja. Mpenzi wangu Loy kapita akitoka chuoni Busitema. Kakaa nusu saa, kamtaja Bartholomew mara tisa! Batho wa darasani kwao ana kompyuta ya gemu yenye taa za rangi. Batho kamfundisha gemu la magari. Batho hupika chapati mwenyewe. Nani kauliza?

Nimemwambia Pasaka tutacheza kwangu. Vifaa ninavyo chini ya kitanda: binamu yangu Vincent aliniachia prosesa, RAM, kadi ya picha, hata kasha. Radi ilimchomea bodi tu, ile ambayo vyote huchomekwa juu yake. Nikipata bodi, Loy hana tena sababu ya kwenda chumbani kwa mtu. Hilo ndilo ninalolitaka. Gemu lenyewe silijali sana.

Ijumaa, 4 Aprili

Loy kapiga simu, sauti tamu. Kumbe alimtumia Batho picha ya prosesa yangu! Kwa ruhusa ya nani? Batho kasema ninunue bodi ya aina ya AM4, hata kuukuu, itaikubali prosesa hiyo. Mtu mzuri, Loy anasema, anajali watu. Nikasema asante. Roho iliniuma mpaka chakula kikanishinda.

Nikauliza kama mzaha: na yake ni ipi? AM4 vilevile. Aa! Yaani niwe mkia wake?

Jumamosi, 5 Aprili

Nimevuka Busia, upande wa Kenya. Duka lina rafu nzima ya bodi. AM4 zipo, bei nafuu. Halafu nikaiona AM5, imekaa peke yake juu. Nikauliza ipi kubwa. "Boss, five ndiyo mpya, wasee wote wanahamia huko. Kwani CPU yako, hiyo prosesa, ni gani?" Nikamwambia hayo aniachie mimi. Dukani kwetu msumari wa inchi tano hushika kuliko wa inchi nne. Nne ni ya Bartholomew. Nikachukua tano! Ukiirudisha, akasema, iwe ndani ya boksi lake.

Mpakani nikakutana na Mama Nerima, jirani, anarudi na gunia la omena, wale dagaa wa ziwani. Akanikemea: "Weye nabeba boksi mpya hivi? Tupa! Kitu ya boksi nalipa ushuru. Kitu ya mfuko ni ya nyumbani." Kweli, hapa kila mtu hufanya hivyo, hata kwa viatu. Nikalichana boksi, nikalitupa mtaroni. Bodi ikavuka katikati ya omena. Sijafurahi hivi tangu Krismasi.

Jumapili, 6 Aprili

Haiingii.

Prosesa ina vijiti chini, bodi haina matundu ya kuvipokea. RAM nayo imegoma. Nikasukuma. Nikasukuma tena — vijiti vitatu vimepinda! Nimempigia muuzaji. Swali lake moja tu: boksi liko wapi?

Namlaumu Batho. Angesema AM5, ningenunua AM4.

Jumatano, 9 Aprili

Loy kaja, kainusa bodi, kacheka mpaka kakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Kwa nini tano, na alishaniambia nne? Nikasema nilisahau. Hakuniamini. Akatoka nje na simu yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Yuko hapa. Bartholomew mwenyewe! Mfupi kuliko nilivyomdhania. Mpole, na inaudhi. Kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kaninyooshea vijiti kwa sindano, Loy akimshikia tochi, vichwa karibu vigusane. Mimi nimesimama tu na kikombe.

Kisha akatoa bodi ya AM4 kwenye begi. Nikauliza kaitoa wapi. Ni yake — kaifungua kutoka kwenye mashine yake jana!

"Chukua, Okware. Loy amesema hapana kuja kwangu tena. Sasa ile mashine ni ya nini? Iishi hapa. Mimi nakuja, tunacheza watu tatu."

Prosesa ikaingia bila kusukumwa. Nikamtazama Loy. Anaangalia sakafu, na tochi bado inawaka mkononi.

Nimetoka nikisema nafuata maziwa. Naandika nyuma ya nyumba. Nikiikubali, atakuja kila jioni. Nikiikataa, Loy atamsindikiza hadi stendi, na mashine ya kule kwa Batho itafufuka. Ndani wamenyamaza. Walikuwa wanaongea, sasa wamenyamaza —