Mwanamke Aliyeuliza Bei ya Jogoo

Mwalimu Damari,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mkubwa anasalimiwa kwanza, mengine yanafuata, hata kama anayesalimia ana jambo linamchoma. Na mimi nina jambo linanichoma.

Tangu tukuzike, chekechea yako hapa Kinyangiri imefungwa. Wazee wa kamati walisema watatafuta mwalimu mwingine. Nikawaambia mwalimu mimi nipo, nina cheti, na nimefundisha na wewe humo humo. Wakasema wataliangalia. Sasa chumba kinawekwa magunia ya alizeti ya mtu, na yule twiga uliyemchora ukutani amebaki shingo tu. Nakuambia mimi ili usisikie kwa wengine, ingawa sijui huko mliko habari zinafikaje.

Kwa hiyo natafuta kazi. Natafuta, Mwalimu, na kadiri ninavyotafuta ndivyo imani yangu kwa watu wazima inavyopungua, na unajua haikuwa nyingi. Mtu mzima anasema "karibu chakula" huku anafunika sufuria. Anasema "niko njiani" na sauti yake ni ya kitandani. Ulikuwa unanielezea wewe: huyu amemaanisha hivi, yule amemaanisha vile, usiende, nenda. Siku hizi hakuna wa kunielezea, basi namshuku kila mtu kwa usawa. Watoto wa chekechea ndio watu pekee ambao sijawahi kuwashuku. Mtoto akikuambia leo hakupendi, ujue hakupendi, na akishakunywa uji anakupenda tena na yamekwisha. Ndiyo maana nataka kazi hii na si nyingine. Mama anataka nijifunze cherehani. Cherehani haina ubaya, ila haina watoto.

Nilianzia Itigi. Walinipokea vizuri, wakanipa soda, wakasema watanipigia. Nililala na simu kifuani mpaka nikakumbuka maneno yako: "Mtu akisema atakupigia na hajakuuliza namba, umeshajibiwa." Hawakuwa wameniuliza. Singida mjini, kaka mmoja wa ofisini aliniuliza mbona simwangalii usoni, naficha nini. Nikamwambia sifichi kitu, ila nikimwangalia mtu machoni sisikii anachosema, inabidi nichague kimoja. Akaandika neno kwenye karatasi, akaikunja. Sijawahi kuona mtu anakunja karatasi kwa ajili ya jambo jema.

Halafu Kiomboi. Huko ndiko niliposema kila kitu mapema, kama ulivyokuwa ukinihimiza: "Sema kabla hawajaona, maana wakiona wenyewe watatunga." Mwenye shule ni mama mtu mzima, wote wanamwita Madam. Nikamwambia nina usonji, kwamba daktari wa Dodoma alilitaja neno hilo wewe ukiwa umekaa pembeni yangu umeshika mkoba wangu. Nikamwambia kelele zikizidi naziba masikio, sipendi kushikwa ghafla, na vigelegele vinaniumiza kabisa, si utani. Nikamwambia pia kwamba mtoto akijificha chini ya meza, mimi najua kwa nini yuko pale.

Nilimweleza na habari ya uji. Nilimwambia ulikuwa na desturi, darasa likichemka mno unaniambia kwa sauti ya kawaida, "Nenda kaangalie uji," na mimi natoka nje kupumua, hata siku ambazo hatukupika uji. Watoto hawakuwahi kujua. Madam akauliza kama na yeye itabidi awe na uji. Sikujua kama ni swali au ni utani, nikamjibu kwamba hata kuni zinatosha.

Akanipa darasa asubuhi moja. Nilifundisha rangi kwa vizibo vya soda, wakaimba vizuri. Kulikuwa na mmoja analia kwenye kona. Sikumbembeleza. Nilikaa sakafuni karibu yake nikapanga vizibo vyangu, nisimwangalie, mpaka akaja mwenyewe akanisahihisha cha kijani. Nilipoinua kichwa Madam alikuwa mlangoni anacheka. Sikujua anacheka nini, nikaondoka na shaka yangu. Ila namba yangu aliichukua.

Zikapita wiki. Siku simu ilipolia alikuwa Madam, ila sauti haikuwa ile ya mlangoni. Akasema, "Binti, mimi sipendi kuchezewa. Wewe uliniambia hivi, kwenu wametuambia vile. Kuna mwongo hapo, na mimi siwezi kumkabidhi mwongo watoto wa watu." Akakata.

Kwenu wametuambia. Mwalimu, nilisimama na simu sikioni kama mtu anayeongea. Kumbe kuna mtu alikuja Kinyangiri kuniulizia, na kuna mtu alijibu. Sikuhitaji kufikiri. Mama Zena. Unamjua jirani yetu yule, mdomo wake hauna breki, habari ikiingia kwake jioni, alfajiri imeshafika kisimani. Nikaanza kuunganisha. Kwa siku kadhaa alikuwa ananyamaza nikipita. Halafu akaniletea mayai. Jirani anayekuletea mayai bila sababu ana kesi ya kujibu. Na mama naye alikuwa anaimba nyimbo za kwaya akiwa jikoni, amefua kile kitenge chake kizuri wakati hakuna sikukuu, ameniambia nipake miguu mafuta. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, hawa wawili wana shauri moja.

Nilikwenda kwa Mama Zena nimekasirika hasa. Nikamwamkia, maana hasira haiondoi shikamoo, kisha nikamuuliza alisema nini juu yangu. Kwanza alijifanya anatafuta ungo. Halafu akashindwa, uso ukamjaa furaha, akaniambia, "Mwanangu, nimekusitiri."

Ndipo akanieleza. Alikuja mwanamke nadhifu, mgeni, akauliza bei ya jogoo. Akamshika, akampima uzito, akamwachia. Akauliza nyumba ya pili ni ya nani, na yule binti yao ni wa namna gani. Jogoo hakununua. Mwalimu, wewe umezaliwa huku, huna haja ya kuelezwa. Mwanamke mgeni anayeuliza bei ya kuku na haondoki na kuku ametumwa na upande wa mume. Anataka kujua kama ukoo una kifafa, kama una wazimu, kama binti anacheka na watu. Basi Mama Zena, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaufunga mdomo wake kwa ajili yangu. Alisema mimi ni mchangamfu. Alisema harusini nacheza mpaka watu wananigombania. Alisema hata malaria inaniogopa. Nikamuuliza, na kutomwangalia mtu usoni? Akajibu, "Nilisema ni adabu."

Kisha akampeleka kwa mama, na mama akayathibitisha yote, akaongeza na mengine.

Hapo nikaelewa kwamba yule mwanamke alikuwa msaidizi wa Madam. Madam alimtuma aje kuuliza kama niliyoyasema ni kweli, naye akaona haya kuuliza moja kwa moja, akaanzia kwa jogoo. Ni mtu wa Iramba kabisa, alitakiwa ajue anajitafutia nini.

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa anapepeta uwele uani. Nikamwambia yule mgeni hakutoka kwa mume, ametoka shuleni. Ungo ukasimama.

"Kumbe ni kazi tu," akasema.

Mwalimu, mimi sisomi nyuso, unajua. Wakati mwingine hata kilio cha mtu nakichukulia kuwa mafua. Lakini uso ule niliusoma wote. Nilielewa zile nyimbo, nilielewa kile kitenge kilichofuliwa. Siku zile zote mama yangu alikuwa mama wa binti anayeulizwa, kama mama wengine, na mimi nimekuja na simu yangu nimemwondolea hilo. Iliniuma sana, na sikujua niweke wapi mikono.

Bado ilibidi nimwombe. Nilimwambia aende Kiomboi akamweleze Madam ukweli, maana asipokwenda nitabaki mwongo, na shule za watoto wadogo huku kwetu zinajuana. Akakataa. Akasema, "Nikishalisema mimi mama yako, nani atarudi kukuulizia?" Na ni kweli. Neno la daktari halijawahi kutoka kinywani mwake. Ulipoturudisha kutoka Dodoma alikushukuru, akakupa maharage, akaniambia nisilitaje kwa watu. Mama Zena akaegemea uzio akamwambia mficha uchi hazai. Mama akamwambia amwache, yeye ameshazaa na amebaki na huyo huyo mmoja.

Asubuhi nilimkuta amevaa. Kile kitenge. Akaniuliza tu kama gari la Kiomboi limepita. Mama Zena naye akatokea na viatu vya kwenda mjini, hakuna aliyemwalika.

Ofisini kwa Madam, mama alianza na mvua. Kisha bei ya alizeti. Kisha akauliza hali ya familia ya Madam, nyumba nzima, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa natazama sakafu, nashuku kwamba tutarudi bila kitu. Halafu sauti yake ikawa ndogo. Akasema nilipokuwa mchanga sikukubali mgongo wa mtu mwingine. Akasema nilichelewa kuongea mpaka ndugu wa baba wakaanza kumwangalia yeye vibaya. Kwamba kwenye harusi ya mdogo wake vilipopigwa vigelegele nilikimbilia kwenye mtama, nikatafutwa na kijiji kizima. Akasema, "Ana usonji. Aliyosema yeye ni kweli. Mwongo ni mimi."

Mama Zena akasema, "Na mimi."

Madam akamuuliza mama kwa nini. Mama akasema alidhani wamekuja kuposa, angejua ni shule asingedanganya. Madam akauliza, kwani uongo wa kuposa si uongo?

Mama akajibu, "Shule ikimkataa atarudi kama alivyotoka. Mume akimkataa, atarudi amepungua."

Hakuna aliyecheka. Hata Mama Zena alitazama dirishani. Nimeishi na mama maisha yangu yote nikidhani ananificha kwa sababu ananionea aibu, na hilo nilikuwa nalishuku tangu utotoni, kabla sijakufahamu wewe.  Nikasogeza kiti changu karibu na chake, na yeye hakunishika, kwa sababu anajua.

Madam amenipa darasa la wadogo kabisa, kwa majaribio ya muhula mmoja. Nilimuuliza pale pale kama ni huruma. Alisema huruma hana, ana darasa limejaa na mwalimu mmoja ambaye kila wiki anaumwa. Nimeamua kumwamini nusu. Nusu nyingine ataipata mshahara wa kwanza ukiingia, maana bado anacheka mapema mno kwa mtu mwenye shule.

Tulipokuwa tunasubiri gari la kurudi, Mama Zena alimuuliza mama kama sasa ana ruhusa ya kusema. Mama akamwambia aseme, ila aseme yote, na la kazi pia. Nadhani mpaka unapoisoma barua hii, kama unaisoma, wilaya nzima ya Mkalama inajua. Sijui kama kuna mwanamke mwingine atakuja kuuliza bei ya kuku. Mama anasema yuko tayari, safari hii atamwambia mwenyewe, akitaka kuondoka aondoke. Alisema hivyo akiwa anakunja kitenge, na sikuweza kujua kama anaamini.

Nimekukosa, Mwalimu. Ungekuwepo wangekuuliza wewe, ungewajibu kwa dakika moja na mama asingelazimika kuyasema mbele ya Madam. Lakini kama asingeyasema, mimi nisingesikia kwa nini alinificha. Jambo hili linanisumbua na sijapata wa kunielezea.

Pumzika. Jumatatu naanza. Najua siku moja atakuja mama amemshika mtoto mkono, mtoto ameziba masikio, na mama ataniambia mbele ya wazazi wengine kwamba mwanawe hana tatizo lolote, ni mchangamfu, ana adabu tu. Nakuahidi sitamwita mwongo. Nitampokea mtoto, nitampa mama kiti, na nitamngoja aseme mwenyewe, hata akianza na mvua.

Mwanafunzi wako,
Neema