Mlio wa Ndege Kwenye Ukungu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Magoti yako yanaendeleaje na mvua hizi? Na kifua cha baba, bado kinambana asubuhi? Mwambie kaka Fabiani akusomee taratibu, asirukeruke mistari kama anavyofanya akisoma somo kanisani. Mimi ni mzima. Nakula, natembea, nafanya kazi. Naanza na hilo kwa sababu najua habari iliyofika hapo nyumbani Kasense kabla ya barua hii.

Picha aliyoonyeshwa Fabiani kwenye simu pale Chanji ni yangu kweli. Huyo mwanamke aliyelazwa kwenye machela, amefunikwa kitu kinachong'aa, ni mimi. Lakini wanaosema ile ni sanda ya Wazungu wanakudanganya. Ni blanketi la kumpasha joto mtu aliyelowa. Nilipokupigia ulilia mpaka nikashindwa kukueleza, ukabaki unasema "rudi, rudi". Sasa kaa kitako nikueleze yote, halafu nitakujibu hilo la kurudi.

Unajua kwamba namtunza mzee mmoja hapa Ujerumani, anaitwa Henrik. Alikuwa fundi wa mitambo ya meli. Mkewe, Marta, alifariki kabla sijafika. Nyumba iko nyuma ya tuta refu la udongo walilojenga kuzuia bahari, na bahari ya huku ina tabia ambayo mpaka leo sijaizoea: inaondoka. Maji yanajivuta yanakwenda mbali hata usiyaone, inabaki nchi ya matope ya kijivu, kama ukingo wa Ziwa Rukwa mwaka wa ukame. Kisha yanarudi. Wala hayaji kwa kelele. Yanaingia kwanza kwenye mikondo, nyuma ya mtu, kimyakimya, na aliyechelewa anajikuta amezungukwa.

Sasa, baridi inapoanza kulegea, huku ndege wanarudi. Mzee Henrik anaishi kwa ajili ya majuma haya. Akili yake inakuja na kuondoka. Kuna siku ananiita Skola, kuna siku ananiuliza mimi ni nani. Lakini ndege hajawasahau. Kila asubuhi tunapanda juu ya tuta, yeye na darubini yake shingoni, mimi na chupa ya chai. Mwanzoni niliona ni kazi ya ajabu, watu wazima kusimama kwenye upepo wakiangalia ndege ambao hawaliwi. Halafu siku moja wakatua korongo wawili kwenye majani, weupe, mabawa meusi, miguu myekundu. Nikapiga kelele, "Hawa ni wa kwetu!" Nikamsimulia wanavyofuata maksai wa baba wakati wa kulima, wakiokota viwavi, na baba anavyokataza mtu kuwarushia bonge la udongo. Mzee alicheka mpaka akatoa machozi. "Kumbe baba yako ndiye anayewalisha," akasema. Mwambie baba hivyo, atafurahi.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka kusini, na mzee aliamka na furaha. Alikunywa uji wake, nikamkalisha dirishani, nikatoka uani kuanika mashuka. Niliporudi mlango wa mbele ulikuwa wazi. Kiti kitupu. Buti zake za mpira hazipo.

Nilikimbia hadi juu ya tuta. Jirani yetu, Bi Grete, mama wa makamo anayefuga kondoo, alikuwa anapanda kutoka upande wake, anahema kwa kuishiwa pumzi.

"Ameshuka!" akasema. "Nimemwita, hasikii. Nimeshawapigia waokoaji."

Nikatazama matopeni nikamwona. Kofia yake nyekundu ilikuwa inaonekana vizuri, anatembea kuelekea kundi la ndege kama mtu anayekwenda sokoni. Nikaanza kuvua koti. Bi Grete akanishika mkono.

"Skola, usiende. Maji yanarudi. Wasubiri waokoaji."

Mama, nilimsikia. Nilielewa kila neno. Lakini kofia ile ilikuwa inazidi kuwa ndogo. Nikamwambia, "Wewe baki hapa upige kelele, tukusikie," nikashuka.

Matope yale yanashika mguu kama mkono wa mtu. Buti moja ilibaki humo, nikaitupa na ya pili, nikaendelea pekupeku, baridi inapanda mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimemkaribia, naona hata darubini, ndipo ukungu ulipokuja. Wewe unaujua ukungu wa milima ya Mbizi, unaouona ukishuka taratibu ukapata nafasi ya kuita mbuzi. Huu haukushuka. Ulitoka baharini ukatufunika mara moja. Kofia ikapotea. Tuta likapotea. Sauti ya Bi Grete ikawa inatoka kila upande.

Nikaita, "Mzee! Mzee Henrik!"

"Huku," akajibu, kwa utulivu kabisa. "Njoo polepole, usiwashtue."

Nilimfuata kwa sauti. Nilimkuta amesimama kando ya mkondo, ananionyesha ndege wasioonekana tena. Nikamshika kiwiko, nikamwambia turudi nyumbani. Akageuka, akatazama weupe ule pande zote, na nikaona uso wake ukibadilika. Akaanza kutetemeka. "Marta yuko wapi?" akauliza. "Umemwacha wapi Marta?"

Nikatafuta alama za miguu yangu ili tuzifuate. Zilikuwa zimejaa maji. Nikapiga hatua upande niliodhani ni wa nyumbani, nikakuta maji. Nikajaribu upande mwingine, maji pia. Simu niliiacha mezani jikoni. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, na nilikuwa nayatazama yakipita, yanatoka kila upande, siwezi kujua bahari iko wapi. Ndipo nilipojua kwamba naweza kufa pale, mama, mbali na kila mtu anayejua kabila langu.

Kwanza nilisikia mabawa. Kundi kubwa lilipita juu ya vichwa vyetu, hatulioni, linalia ule mlio mrefu wa ndege wenye midomo iliyopinda, ambao mzee alinionyesha kutoka tutani. Likaja lingine nyuma yake. Mzee akaacha kutetemeka. Akainua kidole kama mwalimu.

"Sikiliza. Maji yamewafukuza. Wanakwenda kupumzika kwenye majani, chini ya tuta letu." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye akili zake zote. "Tuwafuate, Skola. Usiangalie chini. Sikiliza tu."

Tukaenda hivyo. Wakipita, tunatembea. Wakinyamaza, tunasimama, na kule kusimama ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, kwa sababu maji hayakusimama. Yalifika magotini. Kisha tukafika kwenye mkondo uliojaa, na ndege wanalia ng'ambo.

Mzee akasema, "Mimi siwezi. Vuka wewe."

"Panda mgongoni."

"Utaanguka."

"Panda, mzee!" Nilimfokea, Mungu anisamehe, kama unavyomfokea mtoto mkaidi. Nilikuwa na kitenge changu cha kazi kiunoni. Nikamfunga nacho mgongoni, tukafunga fundo kifuani kwangu kwa vidole visivyo na hisia. Ni mwepesi, mama, mifupa mitupu, lakini maji yalikuwa yanamvuta. Yalinifika kifuani. Unajua sijui kuogelea. Nilisali kwa Kifipa, lugha ambayo sikuwa nimeitamka kwa sauti tangu nije huku, na mzee naye sikioni kwangu alikuwa anasema, "Kushoto kidogo. Wako kushoto."

Ng'ambo nilikanyaga mchanga mgumu. Baadaye kidogo tukasikia honi, kisha tukaona taa za njano, kisha mikono ya waokoaji ikatushika. Hapo ndipo nilipoanguka na picha ikapigwa.

Nilidhani yamekwisha. Kesho yake bintiye mzee, Katrin, akaja kutoka mjini. Hakunisalimia. Alisimama jikoni na koti lake, uso mweupe kama chumvi.

"Ulikuwa wapi wakati baba yangu anafungua mlango?"

"Uani. Naanika mashuka yake."

"Nakulipa umwangalie baba. Nimeshaongea na wakala aliyekuleta. Baba atahamia kwenye nyumba ya wazee, na wewe watajua pa kukupeleka."

Nikajua maana yake. Bila kazi hii kibali changu cha kuishi huku hakina miguu. Lakini nilikuwa nimechoka hata kuogopa. Nikamwambia, "Dada, siwezi kumfunga baba yako kamba kama mbuzi. Mlango huu niliomba uwekewe kengele, ukasema itamdhalilisha."

Alitoka akaenda kwa Bi Grete, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alivuta kiti akaketi mbele yangu.

"Grete anasema alikukataza."

"Ndiyo."

"Ulijua maji yanarudi?"

"Nilijua."

"Na huwezi kuogelea."

"Siwezi."

"Basi kwa nini ulikwenda?"

"Alikuwa peke yake," nikasema.

Mama, yule dada aliweka kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, kama watu wa kwetu. Nikasogea nikamshika mgongo. Wakala alipigiwa tena siku hiyohiyo. Mzee anabaki, mimi nabaki, kengele imewekwa mlangoni, na Katrin amechukua likizo akae nasi mpaka ndege wamalize kufika. Mzee mwenyewe hakumbuki lolote. Ananiuliza kwa nini nakataa kushuka naye matopeni, nami namwambia miguu inauma.

Kuhusu kurudi. Nitamaliza mkataba wangu, unaokwisha huko mkivuna mahindi. Katrin ameniomba nisaini mwingine. Nimemkatalia kwa upole. Mpaka sasa nikisikia maji yakijaa bafuni nakimbia kuyafunga, na sitaki kuishi hivyo. Nakuja nyumbani, mama. Nakuja kwa miguu yangu.

Barua hii anakuletea Sista mmoja wa kwetu anayekuja likizo. Mpokee kwa ugali wa ulezi, ameutamani sana. Msalimie baba. Msalimie kaka Fabiani, na umwambie aifute ile picha. Msalimie shangazi aliyeko Kate na mume wake, na wifi yangu Yustina anayekusaidia kuchota maji.

Nafasi iliyobaki ni ya mwanangu, nipishe kidogo.

Agnesi, bibi ameniambia kwamba shuleni wamekwambia nimekufa, na simu hutaki kuishika, unasema sauti inaweza kuwa ya mtu yeyote. Una haki ya kuogopa. Basi tazama mwandiko huu. Ndio niliokufundishia kuandika jina lako kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, bibi akatugombeza wote wawili. Hakuna mwingine anayejua hilo. Ukiridhika kwamba ni mimi, chukua simu ya mjomba unipigie. Usihangaike na la kusema. Niite tu.

Mimi, mama yako, na binti yako, mama,

Skolastika