Tulipokuwa Rika Moja

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua hakuna atakayeniitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila salamu. Ungenikatiza hapo hapo. Mvua imeacha matope mpaka mlangoni hapa Mkolani, nyumba iko kimya, nami nimeona nikuandikie wewe, kwa sababu haya niliyonayo sijawahi kumwambia mtu mwingine, na tangu tukuzike sina pa kuyapeleka.

Nakukumbuka wiki ile kabla ya harusi yangu. Ulikuja na meli kutoka Bukoba, ukafika kwetu Butimba, kwenye nyumba aliyopewa baba alipokuwa akifundisha chuo cha ualimu, ukamtoa mama kwenye chumba chake mwenyewe. "Wifi, hii si kazi yako. Hii ni kazi ya shangazi," ulimwambia, ukafunga mlango. Ulinifundisha habari za mwili wangu bila kupepesa macho. Mimi nilificha uso kwenye mto, ukaninyang'anya mto. "Mimi unanificha uso, huyo mume utamficha nini?" Tulicheka mpaka mama akagonga mlango kwa wivu, akidai eti anataka nguo zake za kanisani.

Nilikwenda kwa mume wangu Deus nikiwa sina hofu. Hilo lilikuwa lako.

Mimba tuliitafuta sana. Kwa hiyo nilipoanza kutokwa damu isiyo ya siku zake, nilidhani ni mimba zinazoharibika. Mwanzoni ilikuwa baada ya kulala na mume wangu, kisha hata nikiinua ndoo. Hospitali walichukua kinyama wakakipima, wakaniambia ni saratani ya mlango wa kizazi. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilikupigia simu nikashindwa kusema neno, wewe ukasema tu, "Naja."

Ulikaa pembeni yangu mbele ya daktari, dada mdogo kwa umri, mwenye sauti ya taratibu. Alisema ugonjwa umeshapita hatua ya kupasuliwa; dawa yake ni mionzi, pamoja na dripu kila wiki. Kabla sijafungua mdomo, ukauliza wewe: "Na kuzaa?"

Aliweka kalamu chini. "Mama, sitawadanganya. Mionzi inapita kwenye nyonga yote. Haiwezi kuua ugonjwa ikayaacha mayai. Vifuko vya mayai vitakoma kufanya kazi, na kizazi hakitaweza kubeba mimba. Hedhi itakatika. Mwili wake utakuwa kama wa mama wa umri wako."

Nikamwuliza kama hakuna namna ya kuyatoa mayai kwanza, yakahifadhiwa. Akasema namna zipo, ila si hapa, na ugonjwa wangu hautasubiri mimi nizunguke kuzitafuta. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananitazama machoni.

Tulipotoka nje ulinishika kiwiko. "Kwanza uishi," ulisema. "Hayo mengine tutayalilia ukiwa hai." Nilikubali kwa sababu ni wewe uliyesema.

Unakumbuka siku ya kwanza ya mionzi? Walinichora alama kwenye ngozi wakanikataza kuzisugua, wakaninywesha maji mpaka kibofu kikajaa, wakanilaza kwenye meza nyembamba, wakatoka wote. Mashine ikanizunguka ikinguruma kidogo. Nilisubiri moto. Hakikuja kitu. Nilipotoka ulinirukia: "Wamekuchoma wapi?" Nikasema sijasikia chochote. Ukakunja uso. "Basi hawajawasha. Rudi ukawaambie."

Walikuwa wamewasha. Baadaye tumbo likawa halishiki kitu, mkojo ukawa unakata kama wembe, hata harufu ya sato akikaangwa kwa jirani ikawa inanitapisha. Ulinipondea ndizi ukanilisha kama mtoto anayeota meno. Ulifua vitambaa vyangu mapema, Deus akiwa kazini, ukavianika chini ya kanga ili asivione. "Mwanamume hahitaji kujua kila kitu," ulisema. Ilipofika zamu ya mionzi ya ndani, ile wanayokuwekea chombo kwenye njia ya uzazi yenyewe, hukuruhusiwa kuingia. Nilikusikia koridoni ukibishana na nesi, na kwa namna fulani ubishi wako ulinisaidia kulala pale kimya.

Mwezi ule sikuona siku zangu, wala uliofuata. Zamani ningeruka kwa furaha.

Kisha lilikuja joto. Tulikuwa jikoni, mimi namenya ndizi, likaanzia kifuani likapanda shingoni hadi usoni, jasho likadondoka kwenye sinia. Niliacha kisu nikakimbilia mlangoni. Ulikuwa unanitazama. "Hiyo naijua," ulisema. "Hiyo ni ya kwangu. Wewe umeipata wapi?" Tukacheka, nakumbuka tulicheka kweli, halafu ukakaa kwenye kigoda ukajifunika kanga usoni. Sikuwahi kukuona ukilia kabla ya siku ile. Ulipofunua uso ulisema, "Haya. Sasa tu rika moja."

Tangu hapo ulizungumza nami kama mwenzako. Uliniambia usingizi unavyokimbia, hasira zinavyokuja bila kuitwa, magoti yanavyolia ukiinuka, na kwamba nguo ya kulalia lazima iwe ya pamba. Lakini wewe, Shangazi, yalikukuta ukiwa na watoto sita na wajukuu, umechoka kuzaa, unamshukuru Mungu kwa mapumziko. Ulikuwa umefika. Mimi nilikuwa bado najiandaa kuondoka.

Tulikwenda pamoja kwa nesi aliyetupa kile kifaa cha plastiki. Alitueleza kwamba baada ya mionzi njia ya mwanamke hukauka, ikasinyaa, hata ikashikamana, ndiyo maana nikitumie mara kwa mara pamoja na jeli ili ibaki wazi. Wewe ndiye uliyeuliza maswali yote. Tuliporudi nyumbani ulifunga mlango wa chumba kama ulivyofunga ule wa Butimba, ukakigeuza kifaa mkononi. "Nilidhani nilikufundisha yote," ulisema. "Hili sikulijua." Hakuna aliyecheka.

Nilifanya kama walivyoelekeza. Deus naye alisubiri, tena kwa upole. Tulipojaribu niliumia nikang'ata shuka, na damu ikaonekana. Akainuka akakaa ukingoni mwa kitanda. "Siwezi kukuumiza," alisema. Tukajaribu tena na tena, kila mara tukiombana radhi kama wageni waliokanyagana kanisani. Mwishowe akaacha. Daktari alinipa vidonge vya homoni, akaniambia ni kwa ajili ya joto na ya mifupa pia, maana mifupa huisha mapema. Joto lilipungua kidogo. Hamu haikurudi. Nilipomweleza, daktari alisema niwe na subira. Subira ninayo, Shangazi. Sijui tu ni ya kusubiri nini.

Wewe ukarudi kwako Kagera, na presha ikakuangusha shambani kabla sijapata nafasi ya kuja kukusalimia. Kwenye msiba nilikaa na wanawake kwenye mikeka. Mmoja wao, jirani yako, akanishika tumbo kwa upendo. "Na wewe bado tu? Shangazi yako alikuwa anatuambia unamalizia masomo kwanza." Nilimwangalia. Masomo gani? Nafundisha darasa la tatu, masomo nilimaliza kabla ya harusi. Ndipo nikajua kwamba hukumwambia mtu, hata binti zako. Ulikuwa umenitungia uongo na ukautunza mbele ya kijiji kizima. Nilisema, "Ndiyo, nakaribia kumaliza." Walipokushusha kaburini nililia kuliko watoto wako, watu wakashangaa. Alikuwa anazikwa mtu pekee niliyeweza kumwambia, "leo joto limenipanda mara nyingi," akajua nasema nini.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako.

Deus, unajua, ni fundi wa injini za boti. Kazi zake nyingi zikawa kisiwani Ukerewe, mjini Nansio. Jioni moja alikaa mezani akaacha kula. "Kuna mtoto Nansio," alisema. "Ni wangu." Nilimwuliza, "Wa kike?" Akajibu, "Wa kike." Akaongeza, "Sikuachi." Nikasema nimesikia. Tangu hapo nikifua mashati yake nasikia harufu ya maziwa yaliyocheuliwa begani. Naloweka, nasugua, naanika. Ningemchukia ingekuwa rahisi. Lakini nilimwona akisubiri, Shangazi. Nilimwona.

Hospitali wananipima kila baada ya muda. Safari iliyopita daktari alitabasamu: ugonjwa haupo. Kanisani nilisimamishwa mbele, akina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akasema mimi ni ushuhuda. Nilisimama pale nikingoja kufurahi. Jumatatu yake nikiwa naandika ubaoni joto lilinishika, maji yakanitiririka usoni, mtoto wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, unalia?" Nikamwambia ni jasho. Akasema, "Lakini ni asubuhi."

Wiki iliyopita yule binti wa Nansio, mama wa mtoto, alikuja. Anaitwa Jesca. Mtoto alikuwa na kifua, wakaandikiwa kuja hospitali huku mjini, na Deus akaniuliza kama wanaweza kufikia kwetu. Ningesema nini? Alipiga goti mlangoni, "Shikamoo, dada." Ni mdogo, ana aibu, anaosha vyombo kabla hujamwambia. Nilimbeba mtoto ili apate kuoga. Alikuwa mzito na wa moto, akageuza kichwa akaanza kutafuta ziwa kwenye blauzi yangu. Nilidhani nitaanguka kwa uchungu. Sikusikia chochote. Nilisimama nimemshikilia, nikasubiri, kama nilivyosubiri moto wa mashine.

Mtoto alipona. Asubuhi ya kuondoka, Deus akiwa anafunga mizigo nje, Jesca alinifuata jikoni. Alizungukazunguka, akafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Dada, samahani. Naweza kukuuliza kitu cha kike? Kule sina mama."

"Uliza."

"Tangu nijifungue, siku zangu hazijarudi. Mtoto karibu anatambaa. Naogopa labda nimeharibika. Wewe ni mkubwa, nikaona utakuwa unajua."

Nikaelewa kwamba Deus hakumwambia. Naye pia amenitunzia siri yangu, hata huko alikokwenda kwa sababu ya siri hiyo hiyo. Binti alikuwa amesimama mbele yangu, kifua kimeloa maziwa, ananitazama kama nilivyokuwa nakutazama wewe. Nilitafuta ndani yangu neno baya nikalikosa. Nilitafuta na zuri, nikalikosa vilevile. Nikamwambia lililo kweli.

"Ni kunyonyesha. Usiogope. Zitarudi."

Akashusha pumzi, akanishika mikono yangu yote miwili. "Asante, dada. Na zako zilichelewa hivi hivi?"

Deus aliita kutoka nje kwamba wataikosa feri. Nikamwambia Jesca aende.

Lala salama huko, Shangazi, na kama wapo wanaokuuliza habari zangu, waambie bado nasoma.

Mimi,
mtoto wa kaka yako