Ushauri Ulioubadilisha Mkutanoni

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa mazoea, mkono umekataa kuanza kwa namna nyingine, ingawa moyo bado una hasira na wewe. Tangu tukuzike kule kwenu milimani, kila mtu anakusifu. Mimi nanyamaza. Wanadhani ni uchungu wa msiba, na uchungu ninao kweli, lakini si huo tu.

Darasa lako la sita nimepewa mimi, pamoja na meza yako yenye mguu mmoja mfupi. Mwalimu mkuu anataka niendelee pale ulipoishia. Sijui kama anajua uliishia wapi.

Unakumbuka nilivyofika kutoka chuoni, binti wa mjini Same nisiyeweza kupanda mlima bila kukaa njiani? Nilikuwa nawafundisha watoto kuandika ushauri kwa maneno matamu: tushirikiane, tufanye bidii. Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Ukaniuliza, "Sasa anayesoma hapa afanye nini kesho asubuhi?" Ukanikalisha nyuma ya darasa lako nikajifunza upya. Mtoto akiandika maji yalikuwa mengi, ulimsimamisha: mengi yafike wapi, gotini au kiunoni? Akiandika mahali pabaya, ulimtaka apataje hata mgeni apafikie. Kwanza amtaje anayeshauriwa, aseme la kufanya, ndipo alete sababu. Habari za bibi yake zingoje. Neno "vizuri" ulilichukia kama kupe.

Ndipo likaja agizo la serikali la kuhamia kijiji kipya huku chini, nyumba zipangwe kwa mistari. Ukasema watoto wetu waishauri kamati ya kijiji, lakini waone kwanza kwa macho. Tukashuka nao kwa miguu. Mstari wa mwisho wa nyumba tuliukuta umepigiwa vigingi ndani ya korongo kavu. Mimi niliona mchanga tu. Watoto wale wamekulia kwenye ndiva, lile bwawa la mababu linalokusanya maji ya mfereji huko juu, na wanajua likijaa kupita kiasi hufunguliwa, na maji hushukia wapi. Nakijwa, yule mfupi wa dawati la mbele, akasimama kwenye shina la mgunga penye alama ya tope lililokauka. Ilimfika kifuani.

Wakaandika, nawe hukusahihisha hata neno moja: "Kamati ya kijiji isijenge nyumba ndani ya korongo lililo chini ya ndiva. Mstari wa mwisho uhamishiwe kwenye mwinuko wenye mawe meupe. Ndiva ikifunguliwa wakati wa mvua kubwa, maji hupita korongoni na humfika mtoto kifuani."

Uliahidi kuusoma wewe mwenyewe. Siku ya mkutano watoto walikaa chini, mbele kabisa, wameoga, wamepakwa mafuta, wakingoja maneno yao. Ukasimama karibu na bwana mkubwa aliyetoka wilayani, ukaikunjua karatasi yao, ukasema: "Vijana wetu wanashauri tujenge mahali pazuri na tushirikiane na viongozi." Ukaikunja. Watu wakapiga makofi. Nakijwa aligeuka kunitazama.

Pazuri, Mwalimu. Wewe.

Nyumba zikajengwa mle mle korongoni, watu wakahamia. Masika yakaja. Watu wa juu wakaifungua ndiva isipasuke, kama siku zote. Maji yakabomoa jiko la bibi yake Nakijwa, yakaondoka na mbegu zake na mbuzi. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Ikapigwa pembe ya msaragambo, kijiji kizima kikatoka kufanya kazi, na nyumba zikahamishiwa mwinuko wa mawe meupe. Wewe ulikuwa umeshalazwa. Nilikuja kukuuliza kwa nini, nikakuta huwezi tena kusema. Nikakulisha uji, nikarudi na swali langu.

Kwenye matanga mkeo, Mama Elinaja, alinivuta pembeni. "Alikuwa anakulinda wewe, mwanangu. Wakubwa wa wilaya wangesema maneno yale ni ya kwako, wakakuhamisha." Nililia sana. Kisha hasira ikarudi. Ungeniambia unaogopa, tungeogopa wote wawili. Ulinilinda bila kuniuliza, na walioumia ni watoto waliokuamini kuliko mimi.

Juzi nimeandika ubaoni zoezi la ushauri kuhusu zamu za maji katika kijiji kipya. Nakijwa akanyoosha mkono. "Mwalimu, tuandike wa kweli, au ule wa kusomwa mkutanoni?" Hakuwa anatania. Darasa zima lilikuwa linangoja, kalamu mkononi. Nilitoka nje nikalia nyuma ya ofisi.

Niliporudi nikawaambia waandike wa kweli. Akauliza, "Atausoma nani?" Nikamwambia, "Wewe."

Kamati inakaa wiki ijayo. Nakuahidi, nitaendelea kuwafundisha kama ulivyonifundisha, sijaona njia bora kuliko yako. Lakini wataandika na kusoma wenyewe, kwa midomo yao, na mimi nitasimama karibu yao. Wakitaka kunihamisha, nitafunga mizigo.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Kukusamehe nitajaribu, ila si leo.