Ile Mito Uliyoshona kwenye Rola Kosta

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Hii ni wiki ya tano hushiki simu yangu. Nikimpigia mama mdogo Kalekye huko Matuu, kwanza nasikia mnanong'onezana, kisha anarudi kwenye simu na sauti ya mtu aliyelazimishwa: "Mutheu, ako hapa, lakini anasema hayuko." Haki, Mwaitu. Mtu mzima na wajukuu wake. Basi nimeamua kuandika barua hii, na nimeiandika wazi ili kila mtu aisome, kwa sababu kikundi chako chote cha akina mama wa kanisa kilikuwepo siku ile, na kila mmoja anasimulia yake. Juzi sokoni nimeambiwa eti nilikukatia nguo mbele ya watu. Sikukukatia nguo. Nilikata mito.

Nimekulia chini ya meza yako ya kushonea, pale barazani Mumbuni, katikati ya makochi ya watu yaliyovuliwa vitambaa yakabaki mbao na misumari. Kazi yangu ilikuwa kushindilia sponji kwenye pembe za mto kwa mpini wa mwiko, na yako ilikuwa kukagua. Hukukagua kwa mkono. Ulijirusha juu ya kochi mzimamzima, mwenye kochi akikutazama, halafu unatulia kimya kama daktari anayesikiliza kifua cha mtu. "Mto ukigusa mbao, fundi ameaibika," ulikuwa ukisema. Na ukigusa, tunafumua na kuanza upya, hata kama ugali uko mezani unapoa.

Huwezi kumwona mtu amekaa vibaya ukanyamaza. Ulimshonea katekista mto wa kupigia magoti bila kuombwa, kwa sababu ulimwona akiinuka kwa kushikilia benchi, kisha ukamnunia mwezi mzima kwa kuwa hakusema asante ya kutosha. Ukienda matangani ulibeba mto kwenye kiondo, endapo nyanya wa watu atakosa kiti cha maana. Nilikuwa naona aibu nikiwa msichana. Sasa nimekua, na nakupenda kwa hilo. Nalisema mapema ili usije ukadai sikulisema.

Mimi nikaenda kufanya kazi ya kufunga watu. Hivyo ndivyo ulivyowaambia majirani nilipoajiriwa pale uwanja wa michezo nje ya mji: "Mtoto wangu anafunga watu na vyuma," ukawaacha wafikirie ni jela. Nilikueleza mara ngapi? Rola kosta ni katreni kadogo kanakopanda juu ya vyuma polepole, halafu kanashuka kwa kasi mpaka watu wanamkumbuka Mungu. Kila kiti kina chuma kinachoshuka juu ya mapaja ya abiria, na ndani ya chuma hicho kuna meno. Kila jino likishika unasikia kak. Mtu mzima wa kawaida hufungwa kwa kak nne au tano. Kazi yangu ni kusukuma chuma chini, kukivuta juu nione kama kimeshika, kumwambia mtu ajaribu kuinuka, na kusema ndiyo au hapana. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukauliza, "Kwa hivyo ulienda koleji kusomea kusukuma chuma?" Nilicheka. Sikujua tutafika huku.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu watu wanasahau ni nani alikuleta. Ni mimi. Wageni walikuwa wanalalamika kila wikendi kwamba chuma kinauma mapaja, na walikuwa na haki. Mito ya zamani ilikuwa imechanika, na chini yake ni chuma kitupu. Meneja akauliza kama kuna mtu anajua fundi wa viti. Mimi nikainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema mama yangu ndiye fundi bora Machakos nzima. Nilisema hivyo, na nilikuwa najivuna.

Ulikuja Jumatano na utepe wako wa kupimia shingoni. Ukabonyeza mto mmoja wa zamani kwa kidole gumba, ukaguna, ukasema, "Hii ni chapati ya jana." Nikakueleza kwamba inapaswa kuwa hivyo, nyembamba na ngumu, na nikakuomba, "Mwaitu, tafadhali, usiifanye nene." Ulinijibu bila hata kugeuka: "Mwana wakwa, wewe funga watu, mimi nishone." Hapo ndipo ningekomaa na wewe. Lakini Mwende, mjukuu wako, aliamka Alhamisi na homa, nikakaa naye nyumbani siku mbili, nawe ukabaki huko peke yako na sponji yako na mtu wa kukuambia kila kitu ni kizuri, yaani meneja.

Jumamosi asubuhi nilipofika, kwa kweli, mito ilikuwa mizuri. Ngozi nyekundu, mishono iliyonyooka, na ulikuwa umeizungusha kwenye vyuma na kuishonea palepale ili mwizi asiivue. Kikundi chako kilikuwa kimefika na vitambaa vya kichwa vya buluu, maana meneja alikuwa amewaahidi kwamba mama wa fundi wa kufunga na wenzake watapanda wa kwanza. Ulikaa kiti cha mbele kabisa. Mama Nduku, mwenzako wa kanisa, alikaa kando yako akishika rozari. Ulikuwa unawaambia walioko nyuma, "Egemeeni, msiogope, hiyo ni kazi ya mkono wangu."

Nikakushushia chuma. Kak. Kak. Halafu kimya.

Nikasukuma tena. Hakuna. Sponji yako ilikuwa imejaa tele mapajani, chuma kimeshika jino la pili tu, na kwa macho ungeapa kwamba umebanwa vizuri. Nikakuambia, "Inuka kidogo, Mwaitu." Ukainuka. Sponji ikajikunja ikawa bapa, na makalio yako yakaachana na kiti kwa upana wa kiganja na zaidi, wewe unacheka, unageuka kuwaambia wenzako, "Mnaona? Hata naweza kupumua!"

Mwaitu, ndiyo maana nakuambia unanichosha. Ingetosha kuniuliza. Sponji laini haimshiki mtu. Inasubiri treni ifike kileleni, mwili unyanyuke, halafu inajikunja na kumwacha aende zake. Nilikueleza hivyo palepale, kwa upole wa kwanza. Ukasema, "Si ni nyinyi mlisema watu wanaumia? Mnataka wakae vizuri ama hamtaki?" Nikakuuliza kama wewe humfunga Mwende mgongoni kwa leso iliyolegea. Ukasema, "Mwende si chuma."

Nikamwambia meneja treni haitoki. Yeye akaangalia foleni iliyokuwa imefika mpaka kwa muuza soda, akaangalia akina mama waliokuwa wamevaa wakapendeza, akasema, "Mutheu, wacha hii moja iende. Wamama wazito hawa, wataruka waende wapi? Jumatatu tutaangalia." Wewe ukamuunga mkono! Ukasema, "Ona, hata mkubwa wako anaelewa." Kioko, fundi wetu wa mitambo, alikuwa upande ule mwingine wa reli na hakusikia kitu. Na meneja akaanza kutembea kwenda kwenye kile kibanda cha kuwashia, kwa sababu anajua kuwasha, ingawa haruhusiwi.

Watu hawaisimulii sehemu hii. Mama Nduku haisimulii. Ningesema hapana mara kumi, angewasha. Nilijua kitu kimoja tu ambacho kingemzuia, nacho ni mito ile iharibike kiasi kwamba hata yeye angeona aibu kuwasha. Kibeti chako kilikuwa miguuni mwako, mkasi wako unachungulia. Nikauchukua. Nikaanza na mto wako, halafu wa pili, halafu wa tatu, naenda nyuma kiti kwa kiti, na nilikuwa napiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilisema, "Hii ni rola kosta, si kochi la wageni!" Sponji ya manjano ilitapakaa kila mahali.

Kioko alikuja mbio, akakaa kiti kimoja ambacho kilikuwa bado kina mto, akajishushia chuma, akajaribu kuinuka, akainuka. Akashuka, akaenda kuchukua ufunguo wa mtambo kutoka kwa meneja. Mpaka leo meneja hanisalimii vizuri, lakini hajawahi kusema nilikosea. Wewe uliondoka na wenzako, na Jumapili iliyofuata nikapata baraza lako tupu. Cherehani ulikuwa umeibeba. Mtu anayenuna siku mbili habebi cherehani.

Na sasa nitakuambia jambo ambalo litakufurahisha, na ulifurahie polepole. Ulikuwa na haki kuhusu mapaja. Meneja alileta fundi mwingine, akabandika vipande vya mpira mgumu kwa gundi. Ni salama, kak zote zinasikika, lakini pembe zake zinakwaruza kama mbuzi ya kukunia nazi. Unajua watu wanafanya nini? Wanavua sweta na kuikunja chini ya chuma nikigeuka. Mwingine aliingiza mkoba. Jumapili nzima kazi yangu ni kuchomoa sweta mapajani mwa watu wazima na kugombana nao, na kila sweta ninayochomoa nakumbuka kwamba mtu akiumia anajitafutia nafasi mwenyewe. Mimi nilikuwa nafikiri kukaa vizuri ni mambo ya urembo, mambo yako. Si urembo. Mtu akikaa vizuri anatulia, na akitulia anafungika.

Kwa hivyo tunakuhitaji, tena si kwa huruma. Kioko amepata sponji ile ngumu, ya unene wa kidole, ambayo ukiibonyeza haikubali. Nimejaribu kuishona mimi. Umecheka? Cheka. Pembe zangu zimekunjamana kama mdomo wa mbuzi, na hakuna mtu Machakos hii anayejua kuzungusha ngozi kwenye pembe isimkwaruze mtoto, ila wewe. Nimemwambia meneja asilete mwingine. Kioko atakaa kwenye kila kiti na kuinuka kabla hatujapandisha mtu. Utanuna, lakini ndivyo itakavyokuwa.

Ila najua hukuondoka kwa sababu ya sponji. Wewe mwenyewe umefumua makochi mangapi? Ulimwambia Kalekye, naye kwa kuwa hawezi kukaa na neno akaniambia, kwamba mtoto wako amekuonea aibu mbele ya wenzako. Mwaitu, hapana. Hapo umekosea, na ndipo panaponiuma. Sikukuonea aibu. Niliogopa. Ulipoinuka kwenye kile kiti ukicheka, nilikuona kule juu, pale katreni kanapoinamisha kichwa kabla ya kushuka, na hakuna kitu kati yako na mawe ila sponji uliyoijaza kwa wema wako. Nilikuona ukienda. Nilikuona kweli, kama ninavyoiona karatasi hii. Meneja alikuwa amebakisha hatua nne kufika kibandani, na mimi nikiogopa sijui kusema kwa upole. Sijui nilifundishwa na nani.

Sitaomba msamaha kwa kukata ile mito. Hata ukiirudisha kesho nitaikata, mbele ya meneja, mbele ya padre, mbele ya kikundi chote. Lakini wewe ulikuwa bado umekaa. Chuma nilichokufungia mwenyewe kilikuwa bado mapajani mwako, na mikono yako ilikuwa juu ya mto, na ulipouona mkasi hukuiondoa, nami nikakata katikati ya mikono yako. Nilipomaliza viti vyote na kugeuka, ulikuwa bado pale, umefungwa, sponji imekujaa mapajani, wenzako wote wameshafunguliwa kuanzia nyuma wakashuka. Ni Kioko aliyekufungulia. Mimi nilipita kando yako mara mbili.

Nisamehe kwa hilo, Mwaitu. Ningekufungulia kwanza.

Binti yako anayepiga kelele,
Mutheu